"But" ya Ukurasa wa Pili

Wazazi, walimu, majirani wetu wa Witeithie, mimi ni Mbithe, mtoto wa pekee wa marehemu, na ninasoma kwa niaba ya familia, ingawa wapo walioona heri asome mwingine.

Marehemu Mwalimu Wavinya Kivuva alizaliwa tarehe 9 Machi 1974 huko Ngoliba, mashariki mwa Thika, akasomea huko huko msingi na sekondari, akahitimu ualimu mwaka wa 1996, kisha akafundisha Kiingereza Ruiru na baadaye Witeithie, hadi nguvu zilipomwishia. Wanafunzi wake wanamkumbuka kwa viunganishi, "and", "but" na "or". Mtoto mmoja aliandika kwamba baba yake ni maskini "but" anampenda, Mama akamuuliza, "Kwani maskini hawapendi? Hizo sentensi mbili zinagombania nini?" Darasa likacheka, mtoto akafuta, akaweka "and".

Sasa fungueni programu ya mazishi, ukurasa wa pili, pale pa ndoa. Kamati imeandika, "She never married but was blessed with a daughter," yaani hakuolewa, lakini alibarikiwa na binti. Nilipouliza, Mjomba Muoki, kaka yake Mama na mwenyekiti wa kamati, aliniambia, "Mbithe, wacha debate za campus, hiyo ni Kiingereza tu, na imeshaprintiwa." Mjomba, kwa heshima, hiyo si Kiingereza tu. Mama hakuolewa, na tarehe 2 Juni 2003 alinizaa, na akanilea, na akanisomesha, sasa hapo kinagombaniwa nini? Mimi si kosa la kuombewa radhi mbele ya wageni.

Mama aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti Septemba 2023, akatibiwa Thika, akatuacha alfajiri ya tarehe 14 Januari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomletea uji hata siku alizoukataa, na walimu wenzake waliomshikia vipindi. Tunamshukuru pia Mjomba Muoki, aliyemwendesha hospitalini kila alipoitwa, na kumbeba mgongoni ngazi zilipomshinda. Mjomba, sentensi yako nimeiandika mwenyewe, na hii hata Mama asingeigusa: ulimpenda dada yako, lakini umemwonea aibu hadi leo.

Mwalimu wangu, Mama yangu, pumzika sasa.