Bilauri ya Hubert

Benchi la mbele ya kibanda cha Mama Fela, mkabala na lango la uwanja wa Kunguru wa Olszyny, klabu ya mbio za pikipiki ya mji wetu, limekwisha kufukuza makocha wanane, na hakuna hata mmoja wao aliyepata habari. Lina miguu mitatu ya chuma na wa nne wa tofali. Kiangazi hukaliwa na watu mpaka wengine wanasimama. Novemba, baridi ikishaanza kuuma masikio, hubaki watatu ambao ugonjwa wao hauna dawa. Wa kwanza ni Breki, aliyeendesha basi la mji maisha yake yote, na sasa kilichobaki barabarani ni ulimi wake. Jina walimpa kwa kumsuta, maana pikipiki za mbio zetu hazina breki na yeye naye hana. Wa pili ni Profesa, aliyefundisha jiografia na bado anaamini hakuna mtu anayejua Latvia iko wapi. Wa tatu ni Mbegu, anayetafuna mbegu za alizeti msimu na nje ya msimu, maganda yamemjaa kifuani. Mbio zimekwisha, injini zimefunguliwa vipande vipande, wageni wamerudi makwao. Kazi iliyobaki ni moja tu, kupanga kikosi cha mwakani. Kwa kazi hiyo Mama Fela huwaazima bilauri saba, maana waendeshaji ni saba, nao huzipanga juu ya benchi na kugombana. Moja imemegeka mdomo. Hiyo ni ya Hubert, ameinywea tangu alipokuwa chipukizi wa miaka kumi na mitano, na Hubert ni mwana wa Mama Fela.

– Tuanze na wale wasio na ubishi, alisema Breki. Mdenmaki. Weka.

Profesa akaweka bilauri ya kwanza.

– Mwaustralia? aliuliza Profesa.

– Weka. Yule akifungua gesi hata mama yake hamjui.

– Mlatvia?

– Weka, alisema Mbegu, japo anakula kama anahama nchi.

– Chipukizi wawili. Sheria inataka wazawa wa nchi. Weka zote mbili, tusipoteze muda.

– Seweryn?

– Yule tuliyemchukua kwa majirani, klabu ya mji wa pili? Mbegu alitema ganda. Bana, majirani hawajawahi kutupa kitu kizima.

– Ana miaka ishirini na saba na magoti yote mawili ni ya kwake. Weka.

Bilauri sita zikasimama mstari. Ya saba, ile iliyomegeka, ilibaki mkononi mwa Profesa, naye akawa anaizungushazungusha kana kwamba anatafuta mahali palipoandikwa jina la kiwanda. Mji mzima ulikuwa unajua klabu inaongea na Mswidi wa kuchukua nafasi ya saba. Mji mzima ulikuwa unajua pia kwamba Hubert ana miaka thelathini na minane, na kwamba Julai aligonga uzio wa kona ya pili, akaunganishwa mtulinga kwa vyuma. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema hilo mbele ya mama mtu, aliyesimama pale pale na birika mkononi.

Walichokuwa hawakijua ni cha asubuhi ile. Hubert alikuja kunywa chai jikoni kwa mama yake, akamega mkate, akasema bila kumtazama: “Alasiri naenda ofisini kwao. Wameniwekea njia mbili. Mwaka mmoja zaidi juu ya pikipiki, au niwafundishe chipukizi. Sema wewe, mama. Ukisema niache, naacha.” Mama Fela alikuwa amelisubiri swali hilo miaka ishirini na mitatu. Siku za mashindano hugeuza kiti kibandani, akaupa uwanja mgongo, akasikiliza. Injini nne zikiondoka, lazima nne zirudi. Ikipungua moja, na uwanja mzima ukanyamaza kwa mpigo mmoja, huachia chochote alichoshika. Lango lile lenyewe hajawahi kulipita. Na bado, alipoulizwa, ulimi ulimganda. Aliwafikiria hawa watatu. Hubert ndiye mtoto wa mwisho wa Olszyny aliyebaki kwenye kikosi, wengine wote ni wa kununuliwa. Nani angewapokonya wazee hawa mtu wao? Alimwambia tu mwanawe avae skafu.

– Haya, Profesa, weka hiyo bilauri, usiitie joto, alisema Breki.

– Naiweka wapi?

– Ya saba! Mambo gani haya? Hubert ana namba kikosini. Mama Fela, usihofu, mwanao ana namba.

– Sijahofu, alisema Mama Fela.

– Mimi nimeshapanga. Hubert anaanza kila mechi. Lakini za ugenini tunampumzisha, maana ugenini uwanja wao ni mgumu, mtulinga hautaki. Na za nyumbani, mizunguko yake anachukua Mlatvia.

– Yote? aliuliza Mbegu.

– Yote. Mlatvia ana njaa, si umesema mwenyewe?

– Breki, hapo umevuta kamba mpaka imekatika, alisema Mbegu. Huwezi kumpokea mtu mizunguko yote. Ila kuna sheria moja tamu. Mwendeshaji wako mkuu akiumia, wenzake wanaruhusiwa kukimbia mizunguko yake, na pointi zinahesabiwa. Sasa sikilizeni. Hubert aumie.

Birika likagonga ukingo wa benchi.

– Aumie kwenye karatasi, Mama Fela! Kwenye karatasi! Daktari anaandika kidole. Kidole kidogo. Cha mguu. Hubert anakaa nyumbani anakula supu ya matango, na wenzake wanakimbia badala yake msimu mzima.

– Na mashabiki wakimwona sokoni?

– Atachechemea. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

– Sasa hiyo inahusiana nini?

– Si guu limo humo!

Profesa alikohoa. Akikohoa hivyo, zamani, darasa zima lilikuwa linajua leo watafika mpaka mto Volga.

– Nyie mnahangaika na watu, wakati tatizo ni udongo. Mimi nauliza, mechi inafutwa lini? Uwanja ukijaa maji. Nani anamwagilia uwanja? Sisi wenyeji. Basi tunamwagilia. Jumamosi tunamwagilia, Jumapili tunamwagilia, mwamuzi anakuja na viatu vyake vizuri anazama mpaka soksi, anafuta mechi. Wanasogeza mbele. Tunamwagilia tena. Hivyo hivyo mpaka Oktoba. Oktoba baridi inashika, maji yanakuwa barafu, ligi inafungwa. Kunguru hawajafungwa hata mechi moja!

– Wala hawajacheza hata moja.

– Maji yakimwagika hayazoleki, alisema Profesa kwa utulivu mkubwa.

– Aisee. Mbegu alisahau kutafuna. Na Hubert?

– Hubert ni nahodha. Anavaa suti yake ya ngozi, anawapungia mkono watu, anarudi nyumbani. Msimu mzima hajawasha injini.

– Hapo sasa umenena! Breki alipiga goti lake. Ila ongeza hivi. Kuna mechi moja maji yatagoma, lazima ikimbiwe. Siku hiyo tunamweka Hubert kwenye mstari wa kuanzia, amesimama tu, miguu chini. Wapinzani wakimwona wanaingiwa na woga. Utepe wa mbele yao unapanda, wanaondoka watatu, yeye anabaki palepale.

– Anabaki anafanya nini?

– Anatisha!

– Si afadhali tuweke helmeti yake juu ya kigoda?

– Nayo inatisha. Ile ya mikwaruzo.

– Haswa. Yeye mwenyewe abaki kwao, Mama Fela amwekee keki ya mbegu za popi.

Waliangua kicheko, wakagongana mabega, na benchi likayumba upande wa tofali. Mama Fela hakucheka. Alikuwa anazitazama bilauri, kisha nyuso zao, moja baada ya nyingine, na kitu kilimwingia polepole mpaka akalazimika kuliweka birika chini. Aliwasikia watu hawa tangu Hubert hajaota ndevu. Aliwasikia wakimtukana kocha, mwamuzi, hali ya hewa na Shirikisho. Leo walikuwa wamepanga mipango minne. Kila mpango ulimpa Hubert namba, na hakuna hata mmoja uliompandisha pikipiki.

Kumbe nao walikuwa wanaogopa. Breki, ambaye Julai ile alikaa pale kona ya pili na aliporudi hakusema neno hadi Jumatano. Mbegu, aliyepeleka hospitali kapu la matofaa akaliacha mlangoni na kukimbia. Profesa na kikohozi chake. Wote watatu walikuwa wanamficha mtoto wake, yeye akidhani ndio wanaomtaka uwanjani. Aliwapenda ghafla kwa pendo lililomkera, maana lilimjaza machozi na hakuwa na leso.

Wakati huo alikuwa amesimama pale mwanamke kijana wa koti jekundu, aliyehamia majuzi kwenye maghorofa ya nyuma. Alikuja kununua tiketi ya basi, akakuta kibanda kitupu na mwenye kibanda yuko nje, akaamua kungoja. Alikuwa ameyasikia yote tangu kidole cha mguu.

– Samahanini, wazee wangu. Mimi mambo haya ya mbio siyajui.

– Usijali, binti, tutakufundisha, alisema Breki akimsogezea nafasi. Wanaendesha wanne, wanazunguka kushoto mara nne, na mwisho wake wanashinda majirani. Basi.

– Nimeelewa. Ila huyo Hubert mnayemsema, ana mama?

– Anaye.

– Na mama yake anasemaje?

Breki akafungua mdomo. Ulimi ambao basi zima lilishindwa kuusimamisha ukasimama. Profesa alitazama bilauri iliyomegeka kama vile jibu alikuwa nalo zamani, kabla hajastaafu. Mbegu alimeza mbegu na ganda lake. Miaka yote walikuwa wamejadili matairi ya Hubert, uzito wake, mke aliyemwacha, fundi aliyemwibia kabureta, na hilo moja hawakuwahi kulifikia. Kwa aibu, kama watoto waliovunja dirisha, wakageuza shingo mmoja mmoja kumtazama Mama Fela.

– Hakuwahi kuulizwa, alisema yeye. Ameulizwa leo asubuhi tu.

Ng'ambo ya barabara Hubert alikuwa anakaribia lango, skafu shingoni, bega la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia. Aliwapungia mkono wazee. Hakuna aliyempungia.

– Lete hiyo, Mama Fela alimwambia Profesa.

Aliichukua bilauri, akainamisha birika mpaka machicha ya kahawa yakaanza kuchungulia, akaijaza. Kisha, na aproni yake na viatu vyake vya ndani, akavuka barabara, akiifunika bilauri kwa kiganja isipoe. Langoni hakusimama. Alipita.

– Mama, umeingia uwanjani, alisema Hubert.

– Nimeona. Kunywa.

Hubert alinywa kwa mkono wa kulia, mdomo wake ukiikwepa ile sehemu iliyomegeka bila kuitafuta. Kutoka pale walipokuwa kona ya pili ilionekana yote, na ule uzio, mbao zake mpya zikiwa bado hazijapakwa rangi. Mama Fela aliutazama mpaka akatosheka.

– Acha, mwanangu, alisema. Inatosha. Umetupa ya kutosha. Nenda kawafundishe hao watoto kuanguka vizuri.

Hubert alikificha kidevu ndani ya skafu.

– Na wazee? Watasemaje wazee?

– Wazee wameshakupanga. Wamekupa unahodha, wamekupa suti, wamekupa mpaka keki. Pikipiki ndiyo wamekunyima.

Hubert akacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa amebeba gunia akaambiwa hapa ndipo penyewe, tua. Akamrudishia bilauri tupu, akamshika bega, akaenda zake ofisini bila kugeuka.

Nyuma ya Mama Fela, ng'ambo ya barabara, benchi lilikuwa limenyamaza lote kwa mpigo mmoja. Kimya cha namna hiyo ndicho alichokuwa akikiogopa miaka yote, kikitoka upande huu wa uwanja kuelekea kibandani kwake. Leo alikisikiliza akiwa amesimama ndani ya lango, na hakuachia alichoshika.

Alirudi. Bilauri sita zilikuwa bado mstarini. Watatu wale walikuwa wameketi wima, kofia mapajani, na binti wa koti jekundu katikati yao, hajui kama anaruhusiwa kupumua.

– Mama Fela, alisema Breki hatimaye, kwa sauti ndogo isiyo yake. Kahawa imeisha.

– Nachemsha nyingine. Nyie sogeeni. Kuna mtu akitoka ofisini anakuja kukaa.