Ushuhuda wa Kathini Mulwa, Bila Kukatwa

Ndugu, majirani na watumishi wa Mungu, tunayemzika leo hapa nyumbani kwake Mbumbuni ni Kathini Mulwa, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1971 karibu na Mutomo, kaunti ya Kitui, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Nyamai na marehemu mama Nzisa, na wanaokumbuka wanasema kwamba tangu alipojua kutembea hakuna aliyeweza kumkalisha chini.

Alisoma shule ya msingi huko huko Mutomo, akamaliza darasa la nane mwaka wa 1986, na kwa kuwa kiangazi kilikuwa kimemaliza ng'ombe wa baba yake, hakuendelea na sekondari, bali mwaka wa 1988 alipelekwa kwa shangazi yake Nunguni, akalalamikia baridi ya huko, akajifunza ushonaji, na akabatizwa Desemba 1989. Tarehe 20 Agosti 1994 alifunga ndoa na Mulwa, kwa gauni alilolishona mwenyewe na ambalo, Mulwa anasema, alikuwa bado analipiga pindo huku gari likimngoja nje. Walijaliwa watoto watatu, Wayua mwaka wa 1995, Mutie mwaka wa 1998 na Yvonne mwaka wa 2004, na kwa miaka yote hiyo alishona sare za shule katika soko la Mbumbuni, akinyanyuka kila mara kutazama kama kuna wingu.

Novemba 2021 alipatikana na saratani ya titi, akatibiwa, akapata nafuu, na siku ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 2023, alisimama kanisani kutoa ushuhuda akasema, "Mungu amenishika mkono, lakini wamama wenzangu, bado niko kliniki, dawa bado nakunywa, na usiku naogopa sana." Vijana wetu wakiongozwa na Mutisya walimrekodi, na kwa vile walitaka kanisa lionekane la kisasa, walitia muziki na taa za rangi, wakakata kliniki, wakakata dawa, wakakata na hofu, akabaki Kathini akiinua mikono chini ya maandishi makubwa, KANSA IMENYAMAZA. Vidio hiyo ilisambaa sana mtandaoni, watu wakajaa kanisani hadi viti vikawa haba.

Kathini hakuifurahia hata siku moja, alimwendea Mutisya kuomba iondolewe, akamwendea na Pastor Nzomo, naye Pastor akamjibu kwa upole, "Mama Wayua, tusiharakishe, watu wanaokoka kupitia hiyo clip." Kisha Septemba 2024 saratani ikarudi, na mwezi huo huo akapokea ujumbe kwa simu kutoka kwa mama mmoja wa Mutomo aliyejitambulisha kama Mama Muthoki tu, ukisema, "Dada nimeona vidio yako, nami pia nimetupa dawa, tuzidi kuamini." Alipompigia, simu ilikuwa imezimwa, na haikushika tena.

Tarehe 6 Oktoba 2024 alipanda tena madhabahuni akasema, "Ugonjwa umerudi, na Yesu hajaondoka, na kama kuna mtu ametupa dawa kwa sababu yangu, arudi kliniki kesho." Wengine walisema amina, wengine walinong'ona kwamba imani imempungukia, lakini Mutisya aliiondoa ile vidio iliyokatwa siku ile ile, akaweka ushuhuda mzima wa Pasaka bila muziki, ambao mpaka leo umetazamwa na watu wachache sana. Ile fupi ilikuwa tayari kwenye simu za watu, kwa hiyo Kathini alitoka kuwatafuta, akaenda Nunguni, akarudi Mutomo mara kwa mara, makanisani, visimani, kwenye foleni za kliniki, akawapata kina Mama Muthoki wengi, wazima kabisa, waliomkaribisha chai, na yule mwenyewe asimpate. Mulwa alimsihi alale, na Kathini akamuuliza, "Nitalalaje, na yule mama bado ananiamini?"

Juni 2025 miguu ilikataa, akalazwa, na akafariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Agosti 2025, akiwa na miaka hamsini na minne. Alituagiza tusisome hapa kwamba aliishinda saratani, kwa sababu ilimuua, na tusome kwamba alikufa akimwamini Yesu na akiogopa, na Pastor Nzomo amekubali isomwe hivyo, ingawa hakukubali haraka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumdanganya, majirani waliotuchotea maji, washonaji wenzake sokoni waliozimalizia sare alizoziacha mashineni, na Mutisya, ambaye anarekodi maneno haya na ameahidi kutokata chochote. Basi Mama Muthoki wa Mutomo, popote utakapotusikia, Kathini hakuwa amepona, alikuwa akimeza dawa siku ile ile uliyomwona akiinua mikono, tafadhali rudi kliniki, na mwenye kumjua mama huyo asiondoke hapa kabla ya kuzungumza na Wayua.

Kathini, pumzika kwa amani, kumtafuta tutamtafuta sisi.