Tumbo Lililokuwa Likiitikia Simu

Wapendwa, Bwana ni mwema! Mimi ni Mama Nekesa wa Riruta, kazi yangu kusuka nywele Kenyatta Market. Leo nimesimama kuongea juu ya tumbo. Mtaniwia radhi, lakini Mungu aliyeliumba halionei haya.

Ndugu zangu, nimeteseka miaka mitatu! Tumbo linasokota, linajaa hewa, linanikimbiza chooni mara tatu kabla ya chai ya saa nne. Siku nyingine linafunga kabisa. Nilipimwa damu, nikapimwa choo, nikaingizwa hata kamera. Kila mara naambiwa, "Mama, hatuoni kitu." Jirani akasema nimerogwa. Nikafunga kula siku saba nikiomba, tumbo likazidi. Nikaanza kuamini Mungu amenikasirikia.

Kisha ikaja Ijumaa moja, namsuka bibi harusi. Nimefika katikati ya kichwa, simu ikalia. Ni mdogo wangu wa Kakamega, kaniletea tena ugomvi wao wa shamba aliloacha marehemu baba. Kabla hatujamaliza kuongea, tumbo likanikamata. Nikakimbia. Nilikaa chooni nikilia, na aibu ikanizuia kurudi. Nikapita nyuma ya vibanda vya nyama choma, nikaenda zangu nyumbani. Nikamwacha binti wa watu na nusu kichwa!

Kesho yake akaja Mwende. Mwende ni Mkamba wa Machakos, tunasuka naye kibanda kimoja, na yeye ndiye aliyekimaliza kile kichwa.

"Dada, niambie ukweli," akasema. "Siku hizi unakunywa pombe?"

Nikacheka huku nalia. Kwa mara ya kwanza nikamweleza mtu yote.

"Na tunakaa bega kwa bega kila siku!" Mwende akasema. "Jumatatu tunaenda."

Akafunga kazi, akanipeleka Dagoretti kwa muuguzi mmoja ambaye pia ni mshauri. Yule mama alisoma vipimo vyangu vyote. Hakuniambia sina kitu. Alisema utumbo wangu hauna kidonda, ila umekuwa mwepesi wa kushtuka, na kwamba utumbo na mawazo huongea kila saa. Akanitajia jina la ugonjwa huo kwa Kiingereza, nikalisahau kabla sijafika mlangoni. Tukiwa bado tunaongea, simu ikalia mapajani pangu. Mkono wangu ukaenda tumboni wenyewe.

"Umeona?" akauliza. "Ni nani huyo?"

"Mdogo wangu. Wanagombania shamba tangu tumzike baba."

"Na wewe ni nani kwao?"

"Kifungua mimba."

"Na huyo baba, tangu mmzike, umemlilia lini?"

Ndugu zangu! Nilikuwa nimepika, nimepanga, nimepatanisha watu. Kumlilia baba, sikumlilia. Nikamlilia pale pale, mpaka Mwende akaingia kuona kuna nini.

Ukombozi wangu haukuja kwa kishindo. Nilifundishwa kuweka mkono juu ya kitovu na kuvuta pumzi polepole mpaka mkono uinuke, asubuhi na kabla ya kulala. Nikala kwa wakati. Nikaandika kila siku nimekula nini na nimewaza nini. Kumbe maharagwe yananisumbua kidogo, mikutano ya familia inanisumbua zaidi! Kila wiki nikarudi kuongea. Na lililokuwa gumu kuliko yote, nikawaambia wadogo zangu, "Nawapenda, lakini mambo ya shamba pelekeni kwa wazee. Mimi nipigieni Jumapili jioni, tusalimiane." Mmoja alininunia mwezi mzima. Jua likachomoza vile vile!

Sitawadanganya, bado kuna siku tumbo linanguruma. Lakini haliniongozi tena. Juzi nilipanda basi mpaka Kakamega, mara ya kwanza tangu mazishi. Mama akanishika mashavu, akasema, "Umenawiri!" Nikala ugali na mboga ya mrenda, nikalala kama mtoto. Asante Yesu!

Nilidhani kwenda kwa mshauri ni kupungukiwa na imani. Sasa najua Mungu alinijibu kupitia Mwende, na kupitia mama mmoja aliyejua kuuliza.

Na wewe uliyechagua kiti cha karibu na mlango kwa sababu ya tumbo, nakujua. Sitakuita mbele. Kapimwe kwanza, usikisie. Kisha unitafute baada ya ibada, niko jikoni na akina mama. Mtumaini Bwana, lakini usiteseke peke yako. Amina!