Karatasi Iliyosema Shamba Letu ni Pori

Sifa ni kwa Bwana, ndugu zangu, na amani iwe kwenu nyote muliofika asubuhi hii. Wengi munanijua, mimi ni Mama Feza, ninauza mafuta ya mawese sokoni. Leo nimesimama kueleza jinsi Mungu alivyonitoa mahali ambapo hasira ilikuwa imenifunga.

Shamba letu liko upande wa Katanika, karibu na kijito. Baba alilima mihogo pale, akapanda michikichi, na alipofariki tukamzika palepale pembeni ya mama. Tulizaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu mkubwa, Yaya Kasongo, anayefanya kazi kwenye reli. Yeye alikaa mjini, mimi nikabaki na jembe. Hatukuwahi kugombana juu ya shamba.

Siku moja nikakuta vijiti vya rangi nyekundu vimepigwa katikati ya mihogo. Kimoja kilikuwa hatua tatu tu kutoka kaburi la mama. Majirani wakaniambia kuna kampuni inataka kukata parsele, yaani viwanja, pale, ijenge manyumba na kupitisha barabara. Ndugu zangu, niling'oa vijiti vyote. Nikavifunga kama kuni, nikavipeleka nyumbani, nikavipikia. Wiki iliyofuata vikarudi, nikang'oa tena. Mara ya tatu nikaitwa polisi, nikaambiwa nikirudia nitalala ndani.

Basi nikafunga chakula siku tatu, nikaomba gari la wale watu lipinduke. Naona haya kusema hivyo mbele ya kanisa, lakini hayo njo yalikuwa maombi yangu. Gari halikupinduka. Siku ya tatu, nikiwa nimepiga magoti, likanijia swali: hawa watu wanafikiri shamba hili ni la nani? Nikashangaa mwenyewe. Nilikuwa nimelia, nimepiga kelele, nimeng'oa, lakini sikuwa nimemuuliza mutu yeyote kitu chochote.

Nikaenda shambani. Mpimaji alikuwa pale, baba wa makamo, anachungulia kwenye mashine yake ya miguu mitatu. Aliponiona akarudi nyuma, akifikiri nimekuja kung'oa. Nikamsalimia, nikamuuliza:

"Papa, mule ndani unaona nini?"

Akaniangalia kidogo. "Karibu, Mama, angalia mwenyewe."

Nikaweka jicho. Michikichi ya baba ilikuja karibu kabisa, nikaona hata ngazi za matunda zilizoanza kuiva. Nikamuuliza, "Na kwenye karatasi yako, michikichi hii iko wapi?"

Akakunjua karatasi, akatafuta muda mrefu. "Haiko, Mama. Hapa wameandika pori."

"Nani aliandika?"

"Si mimi. Kabla ya kupima, watu wa biro, ile ofisi ya ardhi, wanapashwa kuuliza kama udongo una mwenyewe. Wenyeji wanajibu, wanatia sahihi. Nenda biro ya ardhi, uombe kuona hiyo karatasi. Ni haki yako."

Sikujua kama nina haki hiyo. Kesho yake nikaenda, nikangojea mpaka saa sita mchana. Mama mmoja wa biro akaleta faili, akanisomea polepole: udongo ni pori, hauna mwenyewe. Chini kulikuwa na majina manne ya waliosaini. La nne lilikuwa la Yaya Kasongo.

Ndugu zangu, nilitoka pale bila hata kuaga. Njia nzima nilikuwa natayarisha maneno ya kumlaani. Lakini lile swali lilikuwa limefungua swali lingine, na nilitaka kujua jibu lake kuliko nilivyotaka kulaani. Nikamkuta Yaya nyumbani kwake, anakula bukari na samaki. Nikaketi.

"Yaya, sikuja kugombana. Siku ile ulipotia sahihi, uliwaza nini?"

Akaacha kula.

"Waliniambia shamba litaenda tu, tukubali tusikubali," akasema. "Anayesaini anapata parsele moja. Nikawaza afazali tubakie na kipande. Niliomba waandike jina lako."

"Jina langu?"

"Mimi niko na nyumba ya reli. Wewe njo ungebaki bila kitu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuogopa, Mama Feza."

Kaka yangu aliyenibeba mgongoni nikiwa mutoto, alikuwa ananiogopa mimi! Pale ndipo Mungu alinifungua. Nilinawa mikono, nikala naye ile samaki.

Asubuhi tukaenda biro pamoja. Aliandika barua kwa mkono wake kwamba alisaini uongo, na shamba lina wenyewe. Aliandika akijua mutu anaweza kufungwa kwa neno kama lile. Biro ikatuma watu wawili. Wakazunguka mpaka wote wa shamba pamoja nasi, wakaona mihogo, wakaona makaburi, wakawauliza majirani upya. Baada ya miezi mingi karatasi mpya ikatoka: shamba ni letu, kwa jina la Yaya Kasongo na langu. Barabara ilichukua ukanda mmoja wa juu wenye michikichi sita. Niliililia, siwafichi. Ile mingine imesimama, na kila Jumamosi, siku ya posho, Yaya anakuja kupalilia pamoja nami. Bado hajui kupalilia vizuri.

Namshukuru Mungu aliyekataa maombi yangu ya kwanza. Na wewe ndugu unayeogopa kunyang'anywa kitu cha wazazi wako, mwamini. Baada ya ibada njoo tuombe pamoja. Jumatatu nitakusindikiza biro, na nitabeba mihogo ya kuchemsha, maana kule watu wanangojea sana.