Njia za Mchangani za Mwalimu Placide

Miaka thelathini na mitatu Mwalimu Placide Wilondja amefundisha katika shule yetu ya Baraka, na tarehe 30 Juni 1958 amefunga mlango wa darasa la tano kwa mara ya mwisho. Mimi ni Mama Anastasie, mpishi wa shule. Sikusoma. Ninasema, Mwalimu Henri anaandika, na nimemkataza kunipamba maneno.

Placide alianza 1925, shule ikiwa na paa la nyasi na watoto kumi na wanne. Kuimba hajui kabisa. Alipoongoza wimbo wa asubuhi, mbuzi wa jirani waliondoka. Chakula changu alikila kikiwa baridi, kwa sababu hakutoka darasani mpaka yule wa mwisho aelewe hesabu. Nimemgombeza miaka ishirini na miwili, na hakubadilika.

Lakini ilikuwako kazi moja ambayo hakuna mkubwa aliyemwagiza. Kila mwaka, matokeo ya darasa la tano yakiisha kusomwa, aliwaita wazazi ufukoni mapema, ziwa likiwa bado jeupe kama maziwa na milima ya Ubwari inaelea juu yake kama haina mizizi. Alichukua mti wa muhogo, akachora njia mchangani. Hatua moja, mwaka mmoja. Njia ya hatua mbili, mwalimu msaidizi. Ya hatua nne, mwalimu kamili, anayeweza hata kuongoza shule. Ya useremala, hatua tatu. Ya upadri ilikuwa ndefu mpaka ikaingia majini, na watu walicheka, isipokuwa padri.

Mwisho wa kila njia aliweka kitu: chaki, randa, mkasi wa kukata kitovu. Wenye viatu walivivua, tukatembea. Hapo muntu alijua kwa nyayo zake mtoto atakawia kiasi gani, na atafika wapi.

Mwaka mmoja Lukmani, mwenye mitumbwi, alisimama katikati akauliza, “Mwalimu, njia gani inarudisha mutoto kwangu?” Placide akamwongoza hatua tatu mpaka kwenye randa. Leo mtoto wa Lukmani anaunda mitumbwi palepale ufukoni, na baba yake anajisifu kana kwamba yeye ndiye aliyesoma.

Kisha ukafika mwaka 1951, na zamu yangu. Mjukuu wangu Adolphine alipata cheti cha darasa la tano, chenye muhuri mwekundu. Nilikikunja ndani ya kitenge cha harusi yangu, nikafunga sanduku. Nilidhani safari imekwisha. Karatasi imekuja nyumbani, basi. Masista wa shule ya wakunga wakaandika kwamba Adolphine ana nafasi, ila cheti chenyewe kifike kabla ya Jumatatu, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Lori lilikuwa linaondoka Ijumaa.

Placide alikuja jikoni. Nilimwambia, “Miaka tano nimelima nilipe masomo, juu ya hii karatasi. Haitoke mu nyumba yangu.”

“Mama, iko ya kuonyesha ku mulango,” akasema. “We ukiifungia ndani, mutoto atabaki inje.”

“Abaki. Niko naye.”

Hakugombana. Alinipeleka ufukoni, akachora njia mbili tu, moja ya hatua mbili, moja ya nne. Alitembea ile fupi, akasimama. “Mi nilifika hapa,” akasema. Ile ndefu hakuikanyaga. Kule Kilembwe baba yake alikuwa amezika cheti chake ndani ya chungu, chini ya mahindi, kisiibwe. Shule ya hatua mbili haikukidai, lakini ya hatua nne ilikiomba mara mbili. Baba alipokubali kuchimba, mchwa walikuwa wamemaliza karatasi, muhuri na vyote. Placide alisema hayo taratibu, huku maji yanapanda na kulamba ile njia ndefu, hatua moja, hatua ya pili, mpaka ukabaki mchanga mtupu kama paji la uso la mtoto aliyelala.

Nilirudi nyumbani mbio, na miguu yangu haikuwa ya kukimbia. Sanduku nililifungua mwenyewe. Ijumaa Adolphine alipanda lori, cheti kifuani. Leo ni msaidizi wa wakunga kule Fizi, na masista walinirudishia karatasi yangu. Ndani ya kitenge sasa ziko mbili, hiyo na ya ukunga.

Siku ya kumuaga Placide, Adolphine alishuka kutoka Fizi. Kabla ya hotuba za wakubwa alichukua mti wa muhogo, akachora mchangani njia moja, ya hatua nne. Mwisho wake tuliweka kiti. Placide aliangalia, akaangalia, kisha akavua viatu. Moja. Mbili. Hapo alisimama kidogo, nikampigia kelele, “Endelea, we mukaidi!” Tatu. Nne. Akakaa, miguu ikiwa ndani ya maji.

Asante, Placide, kwa kila mtoto uliyemfungulia sanduku. Keti sasa, ule chakula kingali cha moto. Uwe na siku nyingi za utulivu, usingizi mtamu, na ziwa lisilofuta nyayo zako upesi.