Kifungo Hakina Mwandiko

Wasikilizaji wapendwa, niwieni radhi. Nimekaa hapa dakika nzima nikitafuta pa kuanzia. Mzee Hoja amefariki. Narudia, kwa mnaofungua redio sasa hivi: Mzee Hoja, mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, alifariki juzi Jumanne, saa nane mchana. Uchaguzi aliouhangaikia miaka tisa ni Ijumaa. Yaani kesho!

Jumatatu nilizungumza naye kwa simu. Alikuwa anacheka. Mtu anayecheka vile anakufaje kesho yake?

Alikuwa fundi wa cherehani. Si wa kushona, wa kutengeneza. Aliingia kiwandani kijana mwembamba, amefia humo humo na kitambi chake, bisibisi mfukoni. Jina la Hoja alipewa na akina mama wa mashine, maana hakuna kikao kilichokwisha kabla hajanyanyuka: "Nina hoja." Hata siku ya posa, mkewe ananiambia, alisimama akasema ana hoja. Wazee wakadhani ameghairi.

Lakini uenyekiti hakuuomba. Alikuja mtu wa makao makuu ya chama, akasema, "Huyu ndiye mwenyekiti wenu, mpigieni makofi." Wakapiga. Akawa mwenyekiti.

Mwaka wa tatu akasaini mapumziko ya mchana yapunguzwe, kutoka saa nzima hadi dakika ishirini. Hakumuuliza mtu. Mwenyewe alinisimulia: "Nilipita kwenye mashine, hakuna aliyeniamkia. Mama mmoja, mshona vifungo, akaniuliza bila kuinua macho: 'Shemeji, hivi wewe ulichaguliwa na nani?' Mwanangu, nilikosa pa kuficha uso."

Tangu hapo aling'ang'ania jambo moja. Kiongozi wa chama achaguliwe, tena kwa kura ya siri. Makao makuu wakaona amechanganyikiwa. Mtu kiti anacho, anatafuta mpinzani wa nini? Akawajibu: "Aliyeniweka yuko mbali, kwenye kiyoyozi. Aliyenichagua nitakutana naye getini kila asubuhi. Nitampita vipi?"

Na kura zenyewe, wasikilizaji wapendwa, ni vifungo. Cheupe ni Mzee Hoja. Cheusi ni yule yule mshona vifungo, ambaye Mzee alimbembeleza mwenyewe agombee dhidi yake. Kwa nini vifungo? "Msimamizi wa kiwanda anaijua miandiko yetu yote," alisema. "Kifungo hakina mwandiko."

Jumanne alikuwa karakanani, akitoboa tundu kwenye kopo la biskuti liwe sanduku la kura. Akasema anasikia kizunguzungu. Akaketi, na hakuinuka tena. Daktari anasema ni presha.

Sasa sikieni. Jana, Mzee hajazikwa, ikafika barua ya makao makuu. Uchaguzi umefutwa. Mwenyekiti mpya ameshateuliwa. Narudia: ameshateuliwa. Mtu ambaye akina mama wale hawajawahi kumtia machoni. Na bwana huyo akaja moja kwa moja msibani, na fulana mpya ya chama, kudai ufunguo wa ofisi. Msibani, jamani!

Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Mjane alikuwa ameketi mkekani. Akamtazama, akasema taratibu: "Karibu, baba. Kaa, unywe chai. Ufunguo ninao mimi. Nitamkabidhi atakayechaguliwa kesho kutwa."

Bwana yule hakuketi. Na chai hakunywa.

Mama, pole sana. Watoto na ndugu wote, poleni. Tumeondokewa, na mimi bado siamini. Nawe unayenisikiliza, jiulize leo: kiongozi wa chama chako ulimchagua, au uliletewa?

Akina mama wa mashine, nasikia mtapanga foleni kesho saa mbili, barua au bila barua. Mkikuta geti limefungwa, nipigieni simu. Nitakuja na kipaza sauti hiki, na kila atakayewazuia atajieleza hapo hapo, nchi nzima ikimsikia.