Demetria Komba na Majibu Aliyokataa Kuyasaini

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Demetria Komba anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kwa uchangamfu na nisiguse habari za stoo. Hilo la kwanza nitajitahidi.

Alifika hospitali yetu hapa Manzese mwaka 1994, akitokea Mbinga, wakati maabara nzima ilikuwa darubini moja na meza inayoyumba. Wengi tunaojiita wataalamu leo tumefundishwa naye. Ukimwita sista, alikukumbusha kwamba yeye si mtawa. Ukiweka soda yako kwenye friji la vitendanishi, yaani dawa tunazopimia, uliikuta imemwagwa kwenye sinki.

Friji lile ndilo lililomponza. Machi 2022 mafundi wa ukarabati walizima umeme wa upande wetu kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, na joto la mwezi huo mnalijua. Umeme uliporudi tulisubiri friji lipoe, tukashika chupa, tukaona ni za baridi, tukaendelea na kazi. Tulidhani baridi ikirudi, na dawa imerudi.

Demetria alikataa. Dawa ya kupimia sukari, alitueleza, ina kimeng'enya, na kimeng'enya ni protini. Protini hufanya kazi kwa umbo lake: imejikunja kwa namna yake hasa, ikaacha kishimo ambamo sukari huingia na kunasa. Joto likiikunjua, chupani bado imo na rangi ni ile ile, ila kishimo hakipo, na sukari inapita bila kuonekana.

"Yai la kuchemsha ukilitia kwenye friji, halirudi kuwa bichi," alimwambia mkuu wa maabara, Bwana Revelian, mbele yetu sote.

Kisha akanywa soda mbili, akajitoa damu, akaipima. Mashine ikasema sukari yake imeshuka kama ya mtu anayekaribia kuzimia. Sisi tulicheka. Bwana Revelian hakucheka.

Demetria aliandika kwenye daftari kwamba majibu ya sukari yasitumike, akakataa kuyasaini. Akashtakiwa kwa kukwamisha huduma. Ikatakiwa taarifa ya mtu mwingine wa maabara kuthibitisha kwamba dawa ni nzima. Niliisaini mimi, Lusungu, niliyefundishwa naye hata kushika sindano. Nilikuwa kwenye mkataba wa muda na nilitaka ajira ya kudumu. Nikaipata. Yeye akahamishiwa stoo kuhesabu glovu.

Wiki hiyo hiyo Bi. Najma, mshonaji wa jirani hapa, ambaye ameniruhusu nimtaje, alikuja kupimwa sukari kwa sababu ya kidonda cha kidole cha mguu kilichokataa kupona. Majibu yetu yalisema sukari haijapanda. Akarudi nyumbani na bendeji. Mwezi wa tano akakatwa mguu. Dawa ile ikamwagwa kimya kimya, na hakuna aliyekwenda stoo kumwita Demetria arudi. Hata mimi sikwenda, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Cheti atakachopewa Ijumaa kimeandikwa Msaidizi wa Stoo. Niliomba kibadilishwe, nikaambiwa kimeshachapwa. Basi nasahihisha hapa: anayestaafu ni Mteknolojia Maabara Mwandamizi. Alikuwa sahihi, na taarifa niliyoisaini ilikuwa ya uongo. Nakala ya maneno haya nimempelekea mkurugenzi.

Mama Demetria, ahsante kwa miaka yote, hata hii mitatu tuliyokuibia. Mungu akupe afya na mapumziko matamu huko Mbinga. Tangu nilipoisaini taarifa ile, kila asubuhi nimekuamkia shikamoo, nawe ukaniitikia marahaba. Ijumaa, mbele ya watu wote, usiponiitikia sitauliza kwa nini.